MAMA WA MTOTO ALIYE KATIKA KUVEZI: NANI ANAMWANGALIA?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Katika ukurasa huu tumezoea kukuambia juu ya kofia ya chuma, viatu vya usalama, vumbi la mgodi na mikono inayokaribia mashini inayozunguka. Leo tunaingia hospitali, katika chumba cha watoto wachanga wanaoangaliwa usiku na mchana, kinachoitwa neonatolojia.

Usiseme: "Hayo ni mambo ya wanawake, hayanihusu." Yanakuhusu mara mbili. Kwanza, mtoto ni wako. Pili, mtu ambaye bibi yake analia hospitali, na yeye mwenyewe hajalala, anashuka mgodini na nusu ya akili. Ajali inampenda mtu wa namna hiyo.

Mtoto ana munganga, ana wauguzi, ana mashini. Lakini mama aliyeketi kando ya kuvezi, nani anamwangalia? Hilo ndilo somo letu la leo.

KWA NINI MTOTO ANAWEKWA HUKO?

Mimba huchukua karibu majuma 40. Mtoto akizaliwa mbele ya majuma 37 kutimia, tunasema amezaliwa mbele ya wakati. Mara nyingi uzito wake haufiki kilo 2 na nusu. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta ya mwili ni kidogo, kwa hiyo anapoteza joto upesi. Mapafu yake hayajakomaa. Mtoto wa namna hiyo hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja. Nguvu hiyo huja karibu na majuma 34 ya mimba. Ndiyo maana anapewa maziwa kwa mpira mdogo unaopita puani mpaka tumboni.

Wengine wamezaliwa kwa wakati wao lakini walichelewa kupumua, au wana homa ya maambukizo, au macho na ngozi vimekuwa vya manjano. Hao wa manjano huwekwa chini ya taa ya buluu, wakiwa wamefunikwa macho. Taa hiyo haichomi. Inasaidia mwili kuondoa ile rangi ya manjano katika damu.

Sasa sikiliza vizuri. Mtoto anaweza kuzaliwa mbele ya wakati kwa sababu ya malaria, tansiyo ya damu iliyopanda, maambukizo, au mapasa tumboni. Na mara nyingi wanganga wenyewe hawaoni sababu. Katika yote hayo hakuna mahali palipoandikwa: "Ni kosa la mama."

MOYO WA MAMA UNAPATWA NA NINI?

Miezi yote mama alifikiri siku atakayorudi nyumbani na mtoto mikononi, majirani wakipiga vigelegele. Badala yake anatoka chumba cha kuzalia mikono mitupu. Mama wa kitanda cha pili ananyonyesha; yeye anatazama mtoto nyuma ya kioo, mwenye nyuzi kifuani na mpira puani. Anaogopa hata kumgusa. Mashini ikilia, moyo wake unaruka.

Waliotangulia walisema: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu huo una sura nyingi. Mama mmoja analia bila kukoma. Mwingine halii hata kidogo, anatazama ukuta. Mwingine anakasirikia wauguzi, au anakukasirikia wewe. Mwingine hataki kwenda kumwona mtoto, wala hataki mtoto apewe jina, kwa kuogopa kumpenda halafu ampoteze. Usimwite mama huyo mwenye moyo mbaya. Hofu ndiyo inayomshika.

Tena kuna jambo la mwili. Siku ya 3 mpaka ya 5 kisha kuzaa, wanawake wengi hulia bure, hukasirika upesi na kukosa usingizi, hata wale waliozaa vizuri. Hali hiyo hupita yenyewe ndani ya majuma 2. Lakini huzuni ikipita majuma 2, au ikizidi kuwa nzito, huo ni ugonjwa. Una matunzo yake kama malaria ilivyo na matunzo yake. Na akina mama wa watoto walio katika neonatolojia wanashikwa na ugonjwa huo zaidi ya wengine.

MAMA SI MGENI, NI SEHEMU YA MATUNZO

Zamani, katika hospitali nyingi, mama aliambiwa: "Kaa nje, utaleta mikrobi." Alimwona mtoto saa ya kutembelea wagonjwa tu. Leo tunajua kwamba hiyo haikuwa njia nzuri.

Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, kuvezi hazikutosha na watoto wadogo walikuwa wanakufa wengi. Munganga Edgar Rey Sanabria, na baadaye mwenzake Héctor Martínez, walianza kuwaweka watoto kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hiyo ilipewa jina la kangaruu, yule nyama wa Australia anayebeba mtoto wake katika mfuko wa tumbo.

Kwa miaka mingi watu walifikiri ni njia ya masikini, ya wale wasio na mashini. Halafu ukaja uchunguzi mkubwa uliofanywa katika hospitali za Ghana, Nigeria, Malawi, Tanzania na India, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2021. Watoto wenye kilo 1 mpaka karibu kilo 1 na gramu 800 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi la kwanza walikaa mbali na mama zao mpaka hali yao ilipotulia, kama ilivyokuwa desturi. Kundi la pili waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na mama akalala pamoja na mtoto katika chumba kile kile cha matunzo makubwa. Katika watoto 100 wa kundi la kwanza, karibu 16 walikufa mbele ya siku 28. Katika 100 wa kundi la pili, walikufa 12. Tangu mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani linashauri njia hiyo kwa watoto wote waliozaliwa mbele ya wakati au wenye uzito mdogo, saa 8 mpaka 24 kila siku, ila tu mtoto aliye katika hatari kubwa ya kupumua au ya damu kutotembea vizuri.

Unaona sasa? Kifua cha mama ni matunzo. Kinatoa joto, kinatuliza pumzi ya mtoto, kinaita maziwa. Na kinamponya mama pia, kwa maana mikono iliyokuwa mitupu inapata kazi. Mama anayesema "siwezi kumfanyia kitu mtoto wangu" anaona kwa macho yake kwamba anaweza.

Jinsi ya kufanya: mtoto anavalishwa kofia, soksi na nepi tu. Anawekwa wima katikati ya maziwa ya mama, kifua juu ya kifua, kichwa kimegeuzwa upande, pua iwe wazi. Anafungwa kwa kikwembe kilicho imara, asiteleze. Mara ya kwanza muuguzi awe karibu. Ikiwa wauguzi hawajakuambia neno juu ya njia hiyo, uliza kwa heshima: "Mtoto wetu anaweza kuwekwa kifuani lini?" Kuuliza si kugombana.

Na ikiwa munganga anasema bado, mama anaweza kunawa mikono kwa sabuni, kuingiza mkono katika kuvezi, na kuuweka juu ya kichwa na miguu ya mtoto bila kusuguasugua. Anaweza pia kuimba polepole. Mtoto anaijua sauti ile tangu tumboni.

MAZIWA NA MAJONZI

Mtoto asiyeweza kunyonya anahitaji maziwa ya mama zaidi ya wote, kwa maana yanamkinga na maambukizo ya matumbo. Mama aanze kukamua kwa mkono ndani ya saa za kwanza, halafu mara 8 kila siku, na usiku pia. Yale matone ya kwanza ya manjano, hata kama hayajazi kijiko kidogo, yasitupwe.

Lakini hofu, njaa na kukosa usingizi vinazuia maziwa yasishuke. Mama anakamua, anaona matone mawili, analia. Kisha kulia maziwa yanazidi kukataa. Usimwambie: "Wengine wanajaza kikombe, wewe una nini?" Mletee maji ya kunywa, bukari ya moto na sombe, mkandie mabega, umwache akamue akiwa karibu na mtoto wake. Mara nyingi maziwa hushuka akimwona au akimgusa.

MANENO YANAYOVUNJA NA MANENO YANAYOJENGA

Ndugu na jamaa wanakuja hospitali kwa mapendo. Lakini ulimi usiochungwa unaumiza kuliko sindano. Haya ndiyo maneno ya kuacha nyumbani:

– "Ulifanya nini wakati wa mimba?"
– "Kwetu hakuna aliyezaa mtoto wa namna hii."
– "Mimba iliharibika kwa sababu mmoja wenu alitembea nje."
– "Usilie, wewe ungali kijana, utazaa mwingine."
– "Mtoto huyu hatapona, usijichoshe."

Neno la tatu limevunja nyumba nyingi. Mama mkwe, shangazi, yaya: ninyi mnaosikilizwa katika jamaa, lizuieni neno hilo. Mtoto anazaliwa mbele ya wakati kwa ugonjwa wa mwili, si kwa sababu ya kitanda cha mtu.

Na haya ndiyo maneno ya kubeba:

– "Si kosa lako."
– "Niko hapa. Tuketi pamoja."
– "Mtoto anaitwa nani? Nionyeshe mikono yake."
– "Umekula? Nitabaki hapa, wewe nenda ulale kidogo."
– "Watoto wako nyumbani wamekula na wamekwenda shule."

Hata kuketi kimya karibu naye ni msaada. Msipeleke watu kumi siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole kumi juu ya chawa mmoja ni fujo. Afadhali watu wawili wa jamaa waaminifu, wanaopokezana kama watu wa zamu.

NA WEWE BABA?

Kuna baba anayesema: "Kazi yangu ni kutafuta franka." Franka ni za lazima, lakini hazitoshi. Haya ndiyo mambo sita ya kufanya.

1. Fika hospitali kila siku unayoweza, hata kwa nusu saa. Ingia pamoja na bibi yako wakati munganga anasema habari za mtoto. Mtu aliyejaa hofu anasikia nusu ya maneno. Watu wawili wanasikia yote. Andika maulizo matatu katika karatasi: Mtoto ana nini? Leo amebadilika namna gani? Sisi tufanye nini?

2. Beba mtoto kifuani. Kifua cha baba pia kina joto. Lakini kwanza oga kwa sabuni, vua nguo za kazi, vaa nguo safi. Vumbi la mgodi lisiingie katika neonatolojia. Ukiwa na mafua au kikohozi, ngoja upone. Na usivute tumbako mbele ya kumbeba.

3. Chunga nyumba. Watoto wakubwa waambie ukweli kwa maneno mafupi: "Mdogo wenu amezaliwa mapema, wanganga wanamsaidia, mama yuko naye." Mtoto asiyeambiwa kitu anadhani yeye ndiye amekosa.

4. Usikimbilie lutuku. Pombe haiondoi hofu. Inaiahirisha mpaka asubuhi, na asubuhi hiyo wewe unashika usukani wa kamyo au waya wa umeme.

5. Sema na mkubwa wa kazi mbele ya zamu kuanza. Mwambie: "Mtoto wangu yuko katika kuvezi, usiku huu sikulala." Kumwambia si aibu ya mwanaume; ni sheria ya usalama. Afadhali ubadilishiwe kazi kwa siku moja kuliko kuleta msiba wa pili katika nyumba ile ile. Na wewe mkubwa wa kazi, ukiambiwa hivyo, usicheke. Mtu mwenye usingizi usimweke kwenye mashini inayozunguka, wala juu, wala kwenye baruti.

6. Jua haki yako. Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 ya nchi yetu inampa mfanyakazi siku 2 za kazi bibi yake anapozaa. Enda ofisi inayoshughulika na wafanyakazi, uliza pia juu ya likizo yako ya mwaka na gharama za matunzo.

Usijisahau wewe mwenyewe. Ugonjwa wa huzuni unashika baba pia. Kwa mwanaume mara nyingi unavaa nguo ya hasira, pombe, au kukimbia nyumbani. Ukiona hivyo kwako au kwa mwenzako wa kazi, semeni na munganga.

ALAMA ZA HATARI KWA MAMA

Chukua ukurasa huu, ukate mahali hapa, ubandike ukutani. Mpeleke mama kwa munganga au muuguzi ikiwa, zaidi ya majuma 2:

– ana huzuni karibu siku nzima, hakuna kinachomfurahisha;
– hawezi kulala hata mtoto anapokuwa salama na nyumba imetulia;
– hawezi kula, au hajitunzi tena, haogi;
– anajihukumu kila saa: "Mimi ndiye nimemuua mtoto wangu";
– anaogopa bila kupumzika, moyo unadunda, anaona tena na tena ile siku ya kuzaa kama sinema;
– hataki kabisa kumwona wala kumgusa mtoto.

Usingoje majuma 2, wala siku 2, ikiwa:

– anasema afadhali afe, au anafikiri kujidhuru au kumdhuru mtoto;
– anasikia sauti ambazo wengine hawasikii, anasema maneno yasiyofuatana, halali siku nzima na usiku, anashuku kila mtu.

Hayo ni mambo ya haraka, sawa na damu inayotoka kwa nguvu. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Wengi wanasema ni mizimu au ulozi, wanapoteza siku nyingi njiani. Sala ya wale wanaosali haikatazi munganga: vitembee pamoja.

Watu wanaogopa kuuliza: "Je, unafikiri kujiua?" Wanadhani wataingiza wazo kichwani. Si kweli. Ulizo lililosemwa kwa upole linamfungulia mtu mlango wa kutoa mzigo.

SIKU YA KURUDI NYUMBANI

Furaha ya siku hiyo ni kubwa, lakini hofu haibaki hospitali. Hapo zamani muuguzi alikuwa mlangoni. Sasa mama yuko peke yake usiku na mtoto wa kilo 2. Anaamka kila dakika kusikiliza kama anapumua. Kwa hiyo mbele ya kutoka, mama na baba wajifunze pamoja: kumlisha, kumbeba kifuani, kujua joto la mwili wake, ambalo kwa kawaida ni kati ya 36,5 na 37,5. Mtoto akikataa kunyonya, akiwa baridi au moto sana, akipumua upesi au kwa shida, au akitetemeka kwa kifafa, arudishwe mara moja.

Enda naye kila siku ya kupima uzito iliyoandikwa katika karatasi yake. Na siku hiyo hiyo mwambie muuguzi: "Mpime na mama. Muulize analala namna gani."

IKIWA MTOTO AMEFARIKI

Ni lazima tuseme na hili, kwa maana linatokea, hata pale wanganga wamefanya yote. Watu wa kambi hulia msiba wa mtu mzima siku nyingi, lakini kwa mtoto wa siku 3 wanasema: "Huyo alikuwa mgeni tu." Kwa mama hakuwa mgeni. Alimbeba miezi mingi.

Muulize kama anapenda kumshika mtoto na kumwaga. Asilazimishwe, asikatazwe. Mtoto awe na jina lake. Usifiche nguo zake zote kabla mama hajakubali. Kumbuka kwamba maziwa yataendelea kuja siku kadhaa, na kila tone litamkumbusha. Muuguzi amwonyeshe jinsi ya kuyapunguza bila maumivu makali. Na wewe baba, lia naye. Usimwambie asahau. Baada ya majuma 2, baada ya mwezi, wakati matanga yamekwisha na watu wamerudi kwao, ndipo mama anahitaji mtu wa kumwuliza: "Moyo uko namna gani leo?"

Ndugu mfanyakazi, mgodini hakuna anayeshuka peke yake. Mmoja anamwangalia mwenzake. Iwe hivyo na mbele ya kuvezi. Munganga anamwangalia mtoto, mama anambeba mtoto, na wewe, pamoja na jamaa yako, mbebeni mama.

MAULIZO YA KUJIBU PAMOJA NYUMBANI

1. Kwa nini mama si mgeni katika neonatolojia?
2. Taja maneno mawili ya kuacha nyumbani unapokwenda kumwona mama huyo.
3. Huzuni ya kawaida kisha kuzaa inapita ndani ya muda gani? Ikizidi, ufanye nini?
4. Baba aliyekesha hospitali amwambie nani mbele ya kuanza zamu, na kwa nini?